Kasoro Anayoitafuta Nadine

...na hapa pia hakuna, amepitisha kidole nyuma ya bomba la sinki mara mbili na kidole kimerudi kikavu kama kilivyokwenda, hakuna tone, hakuna harufu ya uvundo, hakuna hata ubao uliokatwa ovyo ukaachwa na meno, na Nadine Brubacher yuko magotini kwenye sakafu ya trela hili jipya, kichwa ndani ya kabati, tochi mkononi, magoti yake ya miaka sitini na mmoja yakimlaani, mvua ya Aprili inapiga juu ya paa, na nyuma yake yule muuzaji anacheka, anacheka nini huyu, tangu waingie hajaupumzisha mdomo wake, "Mzee Verlin, hili si trela, hii ni nyumba iliyoota magurudumu," na Verlin, mume wake, naye anacheka, cheko la mtu ambaye ameshakabidhiwa ufunguo, "Umesema kweli, Brantley," ah, tayari ni Brantley, asubuhi hii moja tu wamejuana na tayari wanaitana kama waliotahiriwa pamoja, "lakini ngoja mke wangu atoke huko kwanza, yeye ndiye jicho, miaka ishirini na miwili amefanya kazi kwenye kiwanda cha matrela, akisema bovu ni bovu, tunapanda pikapu yetu tunakwenda zetu," na Brantley anainama, viatu vyake vilivyochongoka vinaonekana ukingoni mwa kabati, "Mama, umeridhika huko chini?" mama, mama nani, amemzaa lini, angekuwa mwanawe angemfundisha kutompigia kelele mtu aliyeingiza kichwa kabatini, "Bado," anasema Nadine, na sauti yake inamrudia kutoka kwenye mbao, kavu, ya chuki, sauti ya bibi mkorofi, sawa, na wamwite mkorofi, kuna watu wamekufa kwa kutokuwa wakorofi... skrubu, tena ni skrubu, si pini, anaangaza kona ya kabati na kila kona ina skrubu mbili na gundi iliyokauka vizuri, nani siku hizi anaweka skrubu, kule kiwandani kwao ilikuwa bunduki ya pini ya hewa, ta-ta-ta-ta, kabati zima limesimama kwa pini nane na maombi, kwa sababu walipangiwa matrela kumi na moja kwa siku na mkimaliza kumi na moja mnakwenda nyumbani, kwa hiyo watu walikimbia, walikimbia kweli, na bunduki mkononi, saa saba mchana kiwanda kimekwisha na watu wako mtoni wanavua samaki, na watu wengine huko mbali, wasiowajua, wamenunua hilo la kumi na moja wakijua ni nyumba... lakini hili si la kumi na moja, hili lilijengwa na watu waliotembea, na hilo ndilo linalomkera, tangu asubuhi linamkera, asubuhi alitandika nailoni akalala chini ya tumbo la trela, matope yakamwingia kwenye nywele, akaangaza boriti za chuma akitafuta ufa pale shingo inapoungana na mwili, maana trela kama hili huegemeza shingo mgongoni mwa pikapu na shingo ndiyo hubeba mateso yote, ndipo hupasuka kwanza, na hakukuwa na ufa, vyuma vimechomelewa mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho, si kudonolewa hapa na pale kama kuku adonoavyo punje, ekseli nene, springi nene, matairi ya mwaka huu huu yenye uwezo kupita uzito wake, akapanda ngazi juu ya paa akatembea kwa visigino, mahali palipooza hubonyea kama mkate uliolowa, hapakubonyea, akashuka akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole futi kwa futi, maana ukuta ulioachia gundi husikika, hulia kama tikiti lililopitiliza kuiva, haukulia, akakibonyeza kile kitufe cha kupanulia chumba na sebule ikatoka ubavuni polepole kama droo, ikarudi, ikatoka, akaweka kiganja kwenye mpira wa ukingo akasubiri mvua imlowanishe, haikumlowanisha, akasoma dhamana yote, mpaka zile herufi ndogo za mwisho ambako watengenezaji wengine huficha kwamba ukilifanya makazi ya mwaka mzima basi umejipoteza mwenyewe, na hii imeandika waziwazi kwamba ishi humo, ishi mwaka mzima, baridi na joto, sisi tupo, uongo hata mmoja haumo ndani yake, shetani wee, trela gani hili lisilo na uongo hata mmoja... "Mke wangu alilikataa la wiki iliyopita kwa sababu ya sakafu," Verlin anamsimulia Brantley, kwa fahari, kama anayemsifu mbwa wa kuwindia, "mimi niliona sakafu safi kabisa, nikakanyaga, nikaruka, hamna kitu, yeye akaweka mguu mara moja tu, akasema hii inazama, twende, na mimi sikuuliza mara ya pili," na Brantley anapiga mluzi, "Una bahati, mzee, wangu mimi hawezi kutofautisha sakafu na dari," wanacheka, na ndani ya kabati Nadine anatulia, tochi imetulia pia, inamulika kibandiko fulani ambacho bado hajakisoma, kwa sababu sakafu ile ya wiki iliyopita... sakafu ile haikuzama. Haikuzama. Aliweka mguu na ilikuwa ngumu kama lami, na mdomo ukasema inazama, mdomo wenyewe, bila kumwomba ruhusa, na Verlin akashika kofia yake akamfuata hadi kwenye pikapu kama mtoto, asiulize, na njiani akamnunulia pai ya rubabu, yale mabua mekundu machachu, kwenye kile kibanda cha wale Waamish wa magari ya farasi kwa sababu alidhani amevunjika moyo, amevunjika moyo nani, alikula ile pai na ilikuwa tamu mno, sasa anakumbuka jinsi ilivyokuwa tamu, na matano ya kabla yake yalikuwa mabovu, hilo anaapa, moja lilinuka kuvu, moja lilikuwa na ukuta umevimba kama shavu lenye jino bovu, hayo alisema kweli, lakini la sita alidanganya na hili ni la saba na Ijumaa wanatia saini kuiuza nyumba, nyumba yake ya matofali kwenye mtaa wa Kercher, jiko lake lenye dirisha linaloangalia mashariki... jiko lake, lake, si lao, kwa sababu Verlin alikuwa wapi, Verlin alikuwa barabarani, miaka thelathini na minne kwenye lori, anaingia Ijumaa jioni ananuka dizeli na kahawa, anaondoka Jumapili baada ya kanisa, ndoa ya siku mbili, watu walikuwa wakimwonea huruma, maskini Nadine, upweke utamuua, na yeye anainamisha kichwa kama mjane, kumbe Jumatatu akirudi kutoka kazini anakula chakula cha jioni amesimama, mahindi ya kopo na kijiko, redio juu, miguu pekupeku, hakuna wa kumuuliza, na hayo ndiyo yalikuwa maisha, Mungu amsamehe, mume mwema, hajawahi kumwinulia mkono, hajawahi kulewa, na maisha yake yeye yalikuwa Jumatatu hadi Ijumaa, kisha akastaafu, miezi kumi na minne sasa yuko nyumbani kila siku, kila siku iendayo kwa Mungu, anapiga mluzi wimbo uleule, amehamisha vikombe akavipanga kwa ukubwa, Nadine akiinuka kwenye kiti anauliza, "Waenda wapi, mpenzi?" naenda chooni, Verlin, naenda chooni kwenye nyumba yangu mwenyewe, na sasa anataka kumtia ndani ya mita kumi na mbili, yeye na mluzi wake, amechora ramani kwa kalamu nyekundu akaibandika kwenye friji, Arizona wakati wa baridi, Dakota kiangazi, "Nilizipita sehemu zote hizi nikiwa peke yangu," alisema, "sikuwahi kusimama hata mara moja, nilikuwa najiambia, hapa nitamleta Nadine," na alisema hivyo akiwa amempa mgongo, akibandika, na yeye alisema nini, alisema gundi hiyo itaharibu mlango wa friji... "Mama?" huyo tena, "nikuletee kahawa?" "Niache," anasema Nadine, na Verlin anamnong'oneza mwenzake, mnong'ono wa dereva wa lori unaosikika hadi barabarani, "Muache, akiwa hivi ujue amekaribia kitu," na kweli amekaribia, kipo mdomoni, rahisi kuliko sala, paa limelowa ndani, Verlin, twende, hayo tu, na Verlin hatauliza, ataziacha karatasi pale mezani, atampa Brantley mkono kwa aibu, atanunua pai, na Ijumaa atapiga simu kuahirisha, na baada ya la saba litakuja la nane, na atalikataa la nane na la tisa mpaka mmoja wao afe, na ile ramani itapauka pale kwenye friji, na hatajua, hatajua kamwe, kwa sababu anamwamini... na tochi inamulika kile kibandiko na sasa anakisoma, cheti cha ukaguzi, pembeni kabisa, Nimekagua na nimeridhika, na herufi mbili za mtu kwa kalamu, R.K., mtu gani huyo R.K., mwanamume au mwanamke, alikagua kweli, ndiyo, alikagua kweli, huyo alipitisha kidole nyuma ya bomba kama alivyopitisha yeye, na ghafla shingo ya Nadine inapata joto, maana kwa miaka sita ya mwisho herufi zilikuwa zake, N.B., N.B., N.B., vibandiko kumi na moja anaviandika pamoja asubuhi akinywa chai, kabla matrela yenyewe hayajapata paa, kila mtu alifanya hivyo, ndivyo kazi ilivyokuwa, mpaka yule mzee alipokuja, Orrin Tasker, jina alilijua baadaye, mkulima kutoka Nebraska aliyeuza shamba akamweka mkewe ndani ya trela waione nchi, akalivuta hadi kwenye lango la kiwanda, ukuta wa chumbani umefunguka kama kitabu, kuvu nyeusi, mkewe kakaa kwenye gari akikohoa na leso mdomoni, na mzee ameshika kipande cha mlango wa kabati alichong'oa, chenye kibandiko, hakupiga kelele, ni heri angepiga, aliuliza kwa adabu, "Samahani, namtafuta N.B., nataka tu kumuuliza alikagua nini," na msimamizi akajibu, "Huyo aliacha kazi zamani," na Nadine alikuwa nyuma ya dirisha la mgahawa wa wafanyakazi, hatua kumi, ameshika mkate wake wenye nyama ya bata mzinga, na hakuuweka chini, aliuma, akatafuna, akameza, mpaka yule mzee alipogeuza gari...

alisema zima likiwa bovu, na leo anataka kusema bovu likiwa zima, basi ni lini, ni lini mdomo huu utasema kitu kama kilivyo, kwa nani, kama si kwa mtu huyu mmoja mpumbavu, mwenye mluzi, aliyepita Arizona mara mia mbili bila kusimama, na bado anamchukia, isidhaniwe vinginevyo, anamchukia kwa kusimama hapo na kofia mkononi akisubiri neno lake kama hukumu, anamchukia kwa vikombe, anamchukia kwa kumwamini, nani alimwomba amwamini, lakini kasoro haimo kwenye boriti, haimo kwenye paa, amelipekua trela hili kama askari wa forodha na kasoro haimo, kasoro ni kwamba yeye Nadine hajui kuishi na mumewe siku ya Jumanne, ndivyo ilivyo, hakuna aliyewafundisha siku ya Jumanne, na yeye anaogopa, na badala ya kusema anaogopa amekuwa akigonga kuta, na kama atakwenda au hatakwenda hajui, hajui kabisa, huenda Ijumaa asitie saini, huenda Verlin akaondoka peke yake kama alivyozoea na yeye akabaki na dirisha lake la mashariki, huenda Verlin akalia, hajamwona akilia tangu walipomzika mama yake, lakini atajua anachoondoka nacho, hatasimama kwenye lango la mtu na kibandiko mkononi akiuliza... mvua haijapungua, maji yanatiririka kwenye kona za paa na hakuna hata tone linaloingia, magoti yamekufa ganzi, Brantley anapiga miayo sasa, kitu cha kwanza cha kweli alichofanya tangu asubuhi, na Verlin anasogea, viatu vyake vile vya zamani vya dereva vinasimama karibu na nyayo za Nadine, na anauliza polepole, si kwa sauti ya kumfurahisha muuzaji, kwa lile jina la wakiwa wawili tu, "Vipi, Dini? Bovu au zima?" na Nadine, kichwa bado kabatini, anaizima tochi.

"Zima," anasema. "Zima kabisa, Verlin. Sasa mtoe huyu bwana nje, na ufunge mlango."