Chuo cha Karibu

Walimwita Senti tangu akiwa mtoto, kwa sababu akitumwa dukani alikuwa harudi mpaka abishane na mwenye duka juu ya chenji. "Huyu atakuja kuwahesabia mawaziri," majirani walikuwa wakicheka, na jina likamganda mpaka akamaliza sekondari. Mwenyewe hakulichukia. Alikwisha amua kitambo kwamba atasomea uhasibu, tena si uhasibu wa kukaa dirishani na kugonga mihuri. Alitaka kuwa mkaguzi, yule mtu anayeingia ofisini kwa watu, anavuta kiti, kisha anauliza taratibu, "Na hii imekwenda wapi?"

Alikuwa kitinda mimba. Kaka yake mkubwa aliuawa na lori akiwa anavuka barabara. Dada aliyemfuata alivuka mpaka kutafuta kazi, akawa anapiga simu kila mwezi, halafu mara mojamoja, halafu namba yake ikawa haipatikani. Nyumbani wakabaki wawili, Senti na mama yake, katika vyumba viwili vya kupanga. Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: cherehani chini ya dirisha, sare za shule zimetundikwa kila penye msumari, na vipande vya uzi kila mahali, hata ndani ya chai.

Vyuo viwili vilimkubali. Kimoja kilikuwa mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, chuo cha zamani chenye majengo yaliyochakaa. Cha pili kilikuwa palepale mjini, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na rangi yake ilikuwa bado inanuka.

Senti hakuwa mtu wa kununua mbuzi ndani ya gunia. Alikwenda kuviona vyote. Cha mbali alisindikizwa na mama yake mdogo, muuguzi wa hospitali ya mkoa, mwanamke asiyejua kunong'ona. Huko walipokewa na mwalimu wa ukaguzi, mzee mfupi ambaye wanafunzi walimpachika jina la Nyundo.

"Unapenda uhasibu," Nyundo alimuuliza, "au unapenda kuitwa mhasibu?"

"Napenda kujua kitu kilikokwenda," Senti akajibu.

Mzee akacheka mpaka miwani ikateleza puani. "Basi njoo. Mwaka wa kwanza utalia, wote hulia. Lakini popote utakapokwenda, kabla hujafungua mkoba uliza swali moja tu: bodi ya wahasibu inawatambua? Wengine watakuonyesha kompyuta."

Kweli, chuo cha karibu walimwonyesha kompyuta, zimefunikwa plastiki kama maiti. Mkuu wa chuo alivaa suti ya kijivu na kumwita "binti yangu" katika kila sentensi. Senti alipouliza habari za bodi, yule bwana hakupepesa jicho.

"Usajili uko njiani, binti yangu. Ukifika mwaka wa pili utakuwa umekwisha sahau kwamba uliuliza."

Jioni hiyo alimwambia mama yake kwamba atakwenda chuo cha mbali. Mama alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, akasema, "Haya. Mungu akutangulie," kisha akakanyaga pedali na cherehani ikanguruma mpaka wakati wa kulala.

Mabegi yalikuwa yamekwisha fungwa siku mama alipoanguka. Senti alimkuta kitandani ameelekea ukutani, mkono juu ya kifua.

"Mama! Una nini?"

"Moyo unanibana, mwanangu. Ni mambo ya kupita. Wewe nenda tu. Wenzako nao walikwenda."

"Twende hospitali."

"Hospitali wataniambia nini? Nikiona mtu ndani ya nyumba napata nafuu. Ila wewe nenda, usipoteze nafasi kwa ajili yangu."

Senti alikaa ukingoni mwa kitanda akiitazama shingo ya mama yake, iliyokuwa imekonda kuliko alivyodhani. Basi liliondoka bila yeye. Juma lililofuata alipanda ngazi za juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akajiandikisha. Mama akapata nafuu upesi, akarudi kwenye cherehani yake, na majirani wakasema mtoto ndiye dawa.

Miaka miwili alisoma pale, na alisoma kwa bidii ingawa walimu walikuwa wanakuja na kuondoka kama wageni wa msibani. Ulipokaribia wakati wa kujiandikisha kwa mitihani ya bodi, mkuu wa chuo akaacha kupokea simu. Kisha asubuhi moja wanafunzi wakakuta kufuli kubwa mlangoni. Mwenye duka la chini alikuwa anapanga makopo ya rangi. "Kompyuta zimepakiwa jana, mchana kweupe," alisema. "Mimi nilidhani wanahama."

Wengine walikaa ngazini wakilia. Senti alikwenda moja kwa moja ofisi za bodi. Karani wa dirishani alikuwa msichana wa rika lake, mpole, na upole wake ndio uliomuumiza zaidi.

"Dada, chuo hicho hatukijui."

"Walisema usajili uko njiani."

"Hawajawahi hata kuomba. Pole sana."

"Na miaka miwili niliyosoma?"

Karani alitazama chini. "Haihesabiki, dada."

Aliporudi nyumbani alimkuta mama mdogo amekuja kuchukua gauni lake. Senti alisimama mlangoni akayasema yote kwa mkupuo, bila chozi. Mama mdogo akaliachia gauni likaanguka sakafuni.

"Nilikwambia, dada!" alimfokea mama yake Senti. "Nilikwambia umweleze mtoto ukweli kabla hajalipa hata senti!"

Cherehani ikanyamaza. Mama mdogo naye akagundua alichokisema, akaziba mdomo kwa kiganja, lakini maji yalikwisha kumwagika. Ikabidi aseme. Kumbe siku chache baada ya basi kuondoka alikuja kumpima dada yake, akamkuta mzima kama kigongo. Mama akakiri, akamwapisha asimwambie mtu.

"Mama," Senti aliuliza, "uliumwa au hukuumwa?"

"Niliogopa. Kuogopa nako ni kuumwa, mwanangu. Nilikwisha toa wawili."

"Nimeuliza kuumwa."

Mama alishika gurudumu la cherehani kana kwamba nyumba nzima inayumba. "Sikuumwa," akasema.

Senti hakupiga kelele, na labda angepiga ingekuwa nafuu. Alipata kazi ya ukeshia katika duka la jumla la sabuni, akawa anatoka kabla ya chai na kurudi akiwa amekula. Alimsalimia mama yake shikamoo kila asubuhi kama mtu anayemsalimia mpangaji mwenzake. Alipojaliwa kukusanya ada, alimwandikia Nyundo, akapokewa upya, akabeba mabegi yaleyale. Mama alisimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. Safari hii hakuumwa chochote.

Huko mbali Senti alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani. Kulia hakulia. Simu za mama yake alizipokea, lakini maneno yake yalikuwa ya mkato: nzima, nasoma, nitakupigia. Na hakupiga.

Ikafika mitihani ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Jioni ya kuamkia mtihani mgumu kuliko yote, akiwa bwenini na vitabu vimetapakaa kitandani, simu ikaita.

"Mwanangu, mkono umeingia ganzi. Nashindwa kushika sindano. Na kichwa kinagonga."

Senti alifumba macho. Hasira ilimpanda, ya zamani lakini moto uleule. "Mama, kesho nina mtihani."

"Najua. Sikuiti. Nakuambia tu."

Lile neno "tu" ndilo lililomaliza maneno. Alilijua lile neno. "Mpigie mama mdogo," alisema, akakata, akaizima simu kabisa.

Mama hakumpigia mama mdogo. Pengine aliona haya, pengine alidhani naye hatamwamini. Kesho yake mchana mzazi mmoja aliyefuata sare ya mtoto wake aligonga, akasukuma mlango, akamkuta fundi sakafuni, kati ya cherehani na ukuta. Wakati huo Senti alikuwa anakabidhi karatasi zake kwa msimamizi, moyo mweupe, akijua amefanya vizuri. Aliwasha simu akiwa bado ndani ya ukumbi.

Alifika hospitali kesho yake. Upande mmoja wa uso wa mama ulikuwa umelegea, na katika maneno yote aliyokuwa nayo duniani lilikuwa limembakia moja.

"Ngoja," alisema alipomwona Senti. "Ngoja, ngoja."

Mama mdogo alikuwa pembeni, bado na sare za kazini. "Angefikishwa mapema..." alianza, akaacha. Kisha kwa mara ya kwanza maishani mwake akanong'ona. "Alikupigia?"

"Alinipigia."

"Akasemaje?"

"Alisema kweli," Senti akajibu.

Ukoo ulikata shauri haraka: binti aache chuo, arudi kwenye sabuni, amtunze mzazi. Mama mdogo mwenyewe alisema vyuo havihami. Senti alisikiliza mpaka wakamaliza, akawaambia atamtunza, lakini kule kule anakosoma. Walimwita jeuri. Aliuza cherehani, akapanga chumba kimoja nyuma ya ukuta wa chuo, akamsafirisha mama yake amelala kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, kichwa mapajani mwake, kutwa nzima. Jirani mmoja, mama mfua nguo, alikubali kumwangalia saa za darasa.

Hayakuwa maisha ya kusimulia kwa kujisifu. Alimgeuza, akamwosha, akamlisha, akajisomea kwa sauti habari za kodi na mizania huku kijiko kiko mkononi. Kuna siku mama aligoma kufungua kinywa, anasema ngoja, ngoja, uji unapoa na kipindi kinaanza. Senti akakibamiza kijiko bakulini. "Ningoje mpaka lini? Si nilikwisha ngoja!" Uji ukaruka ukampata mama shavuni, lile shavu lisilohisi kitu. Mama akamtazama tu, hakujipangusa, hakuweza. Senti akatafuta kitambaa asikione, akampangusa kwa upindo wa gauni lake mwenyewe, akaanza kulisha upya. Siku hiyo hakwenda darasani.

Mara nyingi alitamani kumuuliza kama amemsamehe, au kumwambia kwamba yeye amesamehe, lakini hakuwa na hakika na lolote kati ya hayo mawili, na yule wa kumjibu alikuwa na neno moja.

Ilikuwa katikati ya mwaka wa mwisho, Nyundo yuko ubaoni anaeleza namna ya kukagua ghala, mama mfua nguo alipotokea mlangoni pa darasa. Mikono yake ilikuwa na mapovu mpaka kwenye viwiko. Nyundo akageuka na chaki mkononi, akamwona, akatafuta kwa macho aliyefuatwa. Senti alikwisha simama.

Walimzika huko huko, kwa sababu nauli ya kumrudisha haikuwepo. Mama mdogo alikuja, akalia kwa sauti yake kubwa, akaondoka siku ya pili bila wao wawili kuulizana chochote. Senti alifaulu mitihani ya bodi yote isipokuwa wa kodi, akaurudia, akaufaulu. Ofisi ya ukaguzi ya mji huohuo ikamchukua. Chumba kile cha nyuma ya ukuta hakukihama, ingawa mshahara ulimtosha kupanga pazuri zaidi, na mama mfua nguo alipomuuliza anang'ang'ania nini pale penye unyevu, alisema hajapata nafasi ya kutafuta kwingine.