Fungu la Miche

Siku ya kutetea bajeti, Mchumi aliingia ukumbi wa Wizara ya Fedha na viatu vipya vilivyombana, akaambiwa aseme kwa kifupi, maana watu wa maji na watu wa barabara walikuwa bado wamepanga foleni nje. Yeye ndiye aliyesimamia miradi ya maendeleo ya idara ya misitu. Nchi yenyewe ilikuwa ndogo, mapato yake ya kuungaunga, na misitu ilikumbukwa mwisho, watu wakishaanza kutazama saa.

Aliomba vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa daraja la zege kwenye mto unaotenganisha shamba la misonobari la serikali na barabara kuu, kwa kuwa lile la magogo lilikuwa limeoza. Cha pili, miche ya kupanda upya pale palipovunwa. Cha tatu, magari mapya ya makao makuu, ambayo Katibu Mkuu wake aliyaongeza mwenyewe dakika za mwisho.

Mkurugenzi wa Bajeti, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alivua miwani akaisugua kwa ncha ya tai.

"Dada yangu, mmevuka ukomo. Magari ni ya bosi wako. Mimi siyagusi, na wewe nakushauri usiyaguse. Kati ya daraja na miche, chagua kimoja."

"Vyote viwili vinahitajika, mheshimiwa."

"Kila anayekaa kwenye kiti hicho ananiambia hivyohivyo. Ningekuwa wewe ningechukua daraja. Kwenye daraja waziri atakata utepe. Kwenye mche atakata nini, jani?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mchumi hakucheka. Shamba lile lilipandwa na baba yake tangu akiwa kijana hadi alipostaafu, na watu wote wa kule walimwita Bwana Miti. Yeye mwenyewe alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi, mtoto wa mwisho, akakua akisikia misonobari ikivuma juu ya bati. Mara ya mwisho alipokwenda aliona mlima uliovunwa ukiwa mtupu, visiki vitupu, udongo mwekundu ukichuruzika kila mvua ikinyesha. Moyo ulimuuma kama ameona mtu wake akivuliwa nguo hadharani.

"Miche," alisema.

Jumamosi alipanda gari kwenda kumpa baba yake habari njema. Alimkuta barazani, redio begani, akitafuta stesheni. Kaka yake, ambaye sasa ndiye msimamizi wa shamba, alikuwa ameketi ngazini akinoa panga.

"Baba, tumepata fedha za miche. Mlima wako utarudi."

Mzee alizima redio. "Na daraja?"

"Litasubiri mwaka mwingine. Niliambiwa nichague."

Kaka alitupa kinoleo chini. "Ukachagua miche? Umepita wapi kuja hapa, hewani? Lori la mwisho limevuka pale watu wakisali. Juzi mke wa dereva tumemvusha kwa miguu na uchungu wake, wewe unatuletea miche!"

"Punguza sauti," mzee alimwambia. Kisha akamgeukia binti yake. "Mama, ungeniuliza."

"Nilijua utafurahi. Ni kazi yako, Baba. Maisha yako yote."

"Nilipanda kwa sababu nililipwa mshahara, kuipenda kulikuja baadaye." Alipangusa redio kwa kiganja, polepole. "Miti ikichelewa mwaka, imechelewa tu. Inakuja. Lakini hapa kuna watu."

Hakumkaripia zaidi. Alimkaribisha chai. Lakini Mchumi aliondoka mapema kuliko alivyokusudia, na alipovuka yale magogo alikanyaga mafuta bila kutazama chini.

Fedha za miche zilichelewa, kama kawaida ya fedha za maendeleo. Mchumi alipiga simu Hazina mpaka makarani wakaizoea sauti yake, na mwishowe miche ikafika shambani mvua zikianza. Kaka alisimamia upandaji bila kumwambia dada yake neno. Kazi aliifanya vizuri. Hakuwa mtu wa kuikomoa kazi.

Mvua zilipokolea, mto ulilibeba daraja. Wiki hiyohiyo, asubuhi, Bwana Miti aliinuka kitandani akaanguka, mdomo umepinda upande.

Mchumi, aliyepigiwa simu mjini, alifika mtoni na gari la wagonjwa la hospitali ya wilaya. Ng'ambo aliwaona: kaka yake na wafanyakazi, wamembeba mzee juu ya mlango uliong'olewa, wamemfunika turubai. Kati yao maji ya rangi ya matofali yalikuwa yakivingirisha magogo. Alipiga kelele, kaka naye alipiga kelele, hakuna aliyemsikia mwenzake. Mwishowe kaka alinyoosha mkono kuelekea juu, kwenye njia ya zamani ya malori inayozunguka mlima. Wakainua mlango wakaanza kupanda. Muuguzi aliyekuwa naye alitazama pembeni.

Walikutana upande wa pili wa mlima jua likizama. Wafanyakazi walikuwa na tope hadi kiunoni, mmoja amepoteza kiatu. Kaka aliingia nyuma ya gari, akakishika kichwa cha baba yao mpaka hospitali. Daktari alimpima, akasema ugonjwa huu ungetaka afike mapema. Hakusema kwa ubaya.

Mzee aliishi siku chache, maneno yakimtoka kwa shida. Mchumi alikaa naye mchana kutwa.

"Baba, ningechukua daraja," alisema, akalia kama mtoto.

Mzee alimtafuta kwa mkono uliokuwa bado na nguvu. Alihangaika na ulimi wake. Mchumi akainama, akingoja asamehewe au alaumiwe, lolote.

"Umekula?" mzee aliuliza.

Msibani kaka hakuzungumza naye. Alipotaka jambo alimtuma mtu: mwambie dada aangalie maji, mwambie wageni wa mjini wamefika. Naye alitii kila alichoambiwa.

Msimu wa bajeti uliporudi, Mchumi aliketi kwenye kiti kilekile, safari hii Katibu Mkuu ameketi kando yake. Mkurugenzi alimpa pole ya msiba, kisha akafungua makabrasha.

"Naona daraja tena. Mwaka jana wewe mwenyewe ulisema lingoje."

"Nilisema. Niliulizwa nichague kati ya viwili, na vilikuwa vitatu. Nikanyamaza." "Awamu ya pili ya magari ya makao makuu naomba iondolewe. Fedha yake ijenge daraja, na palizi ya miche iendelee."

Katibu Mkuu alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

"Dada," Mkurugenzi alisema taratibu, "bosi wako amekaa hapo. Unamwona?"

"Namwona."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mkurugenzi alimtazama Katibu Mkuu, akangoja apinge. Mbele ya watu wote wale, baada ya habari za mzee kubebwa juu ya mlango kuenea, Katibu Mkuu hakupinga.

Daraja likapita. Mwezi haujaisha, Mchumi akahamishwa "kwa manufaa ya umma" hadi chumba cha takwimu nyuma ya jengo, mezani hakuna simu. Wenzake walipita mlangoni wakimsalimia kwa haraka, kama wanaoogopa kuambukizwa.

Mkandarasi alianza, akatoroka, akarudishwa, akamaliza. Siku moja kaka alimpigia, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Nyumba ya mzee ni ya shamba, sasa anapewa fundi mitambo. Njoo tutoe vitu."

Alivuka kwa gari hadi mlangoni. Mchana kutwa walikunja, walifunga, walitupa. Walibishania koti la mvua la baba yao, kila mmoja akisema mwenzake alichukue, mpaka kaka akalirusha mapajani mwa dada yake.

"Nilikuchukia," alisema.

"Najua."

"Nimechoka sasa." Alikaa juu ya godoro lililofungwa kamba, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Nje misonobari ya zamani, ile ambayo haijavunwa bado, ilikuwa ikivuma. "Wifi yako ameshakuinjikia maji. Nenda ukaoge, chakula kisipoe."