Mabunda Mawili ya Nikeli

Kifuniko cha birika kilikuwa kinachezacheza juu ya mvuke, na nje bado giza. Mjomba, ambaye macho yake yalishaingia ukungu, alipapasa jiko akalizima, ndipo akasikia hodi.

"Ingia, mama ghala," akasema. "Wenzio hubisha mlango, wewe unauvunja."

Mpwa wake hakucheka. Kazi ya kutunza ghala aliirithi kwa mjomba huyu, na ndiyo iliyowalisha wanawe watatu tangu baba yao afariki. Alikaa ukingoni mwa kiti akaeleza yote kwa pumzi moja.

Wiki iliyopita dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, aligonga mabunda mawili ya mabamba ya nikeli. Mikanda ikakatika, mabamba yakamwagika sakafuni yakachanganyika. Mke wa dereva alikuwa ametoka kujifungua, na dereva hakuwa amepata lepe la usingizi. Kumripoti kungekuwa kumfukuzisha kazi. Basi yeye na dereva wakayapanga upya, makubwa chini, madogo juu, wakakaza mikanda mipya na kubandika lebo zilezile. Yakapendeza kuliko mwanzo. Kumbe bunda moja lilitoka kiwanda kimoja, na la pili kiwanda kingine.

Leo mkaguzi wa soko la metali anakuja. Nikeli ya ghala lile huuzwa na kununuliwa na watu wa mbali wasioiona kamwe. Wanachotegemea ni kwamba kila bunda limebaki vilevile lilivyofungwa kiwandani.

"Yote ni daraja la kwanza, mjomba. Niambie tu nitayatenganishaje."

Mjomba akauliza unene, kingo, rangi. Kila jibu lilikuwa lilelile: yamefanana.

"Haiwezekani, mwanangu. Bamba halisemi limetoka wapi, lebo ndiyo inayosema. Na lebo zenu sasa zinadanganya."

Akamshauri aseme mwenyewe kabla ya kuulizwa. Akisema, yatatolewa mabunda mawili tu. Mkaguzi akigundua, ghala zima litatiliwa shaka, na wapagazi wote watakosa kazi.

"Na mimi je?"

"Wewe utaumia vyovyote vile."

Akammiminia chai, akaishika mikono yake pamoja na kikombe.

Mpwa alimkuta mkaguzi kwenye geti la ghala, akamwambia kuwa ameyachanganya yeye. Dereva hakumtaja. Lakini dereva alisikia, akashuka kwenye foklifti yake, akasema aliyeyagonga ni yeye. Mabunda yakaondolewa kwenye akiba ya soko, yauzwe kwa watengenezaji wa masufuria. Nao wote wawili wakaambiwa wakabidhi funguo, kazi yao imekwisha.

Mchana ule miguu ya mpwa ilikataa kumpeleka nyumbani. Atawaambia nini watoto? Akajikuta tena kwa mjomba. Mjomba alijisogeza kwenye benchi akampisha, wakakaa bega kwa bega, naye mpwa akalia mpaka machozi yakamwishia.

Alipoinuka kuondoka, mjomba akaushika upindo wa khanga yake.

"Kesho uje tena, mwanangu. Na huyo dereva uje naye, amlete na mtoto."