Kadogo Hajala

Kama una mgonjwa wa kisukari nyumbani kwako, awe mtu awe mnyama, sikia yaliyompata Paskazia wa Mkolani, yasije yakakupata na wewe.

Alikuwa na mtoto mmoja, Immaculata, na mbwa wa huyo mtoto, Kadogo. Mbwa alipougua kisukari, Imma ndiye aliyemdunga insulini asubuhi na jioni, mpaka alipokwenda Morogoro kusomea udaktari wa mifugo. Siku ya safari, pale stendi ya Nyegezi, alimsisitizia mama yake neno moja hadi basi likaondoka: ale kwanza, ndipo umdunge.

Paskazia alijitahidi. Anavuta ngozi ya mgongoni, anachoma, kwisha. Ila nyumba ilikuwa imepoa. Kila jioni Imma alipiga simu kuuliza Kadogo amekulaje, anakunywa maji mengi au kidogo, na mama alijibu polepole, maana maswali yakiisha na simu inaisha.

Wiki ya tatu Kadogo akagoma kula. Alilalia kandambili za Imma mlangoni, ugali na dagaa vikikauka pembeni. Kumwambia mtoto, Paskazia aliogopa. Imma angempeleka mbwa kwa mtu mwingine, na jioni nani angempigia mama? Basi akasema amekula, tena amemaliza. Asubuhi akajishauri kwamba sindano ni dawa na dawa inatia nguvu, akidungwa hamu itarudi. Akamdunga kipimo kizima.

Hapo ndipo alipoharibu. Insulini haileti hamu ya kula. Kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu iingie kwenye seli za mwili. Tumbo likiwa tupu, inasomba hata ile kidogo iliyobaki, ubongo ukakosa chakula.

Saa nne Kadogo alikuwa anayumba kama aliyetoka kilabuni. Mara akaanguka, miguu ikitetemeka. Paskazia akapiga simu.

"Imma, nimemdunga hajala. Hajala tangu juzi. Nilikudanganya."

Imma akasema, "Mama, asali ipo? Mpake kwenye fizi kwa kidole. Usimmiminie, atapaliwa."

Akapaka, akapaka tena, simu kaibana begani. Imma akamwambia kwamba akizinduka ale, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na asidungwe tena mpaka daktari aseme. Muda ulipita. Mwisho ulimi ukagusa kidole, ukalamba. Imma akaomba simu isogezwe kwa mbwa, akamwita kwa sauti yake ya kumgombeza. Kadogo akainua kichwa, akanusa sahani, akaanza kula.

"Na wewe, mama, umekula?"

Paskazia akatazama sufuria aliyoifunika tangu jana. Hakuna aliyemuuliza hivyo tangu Nyegezi.

"Bado, mwanangu."

"Basi kaa ule. Sikati simu."