Ubeti wa Mwisho wa Chumba cha Pasi

Mstari ulikuwa umelala. Pale kwenye kioo cha tableti, mahali ambapo sauti ya shangazi yangu ilipaswa kuchora milima na mabonde, palikuwa na uzi mmoja mwembamba, umenyooka kama upindo wa shuka la hospitali. Binamu yangu aliupanua kwa vidole viwili, akaufinya, akaupanua tena. Haukuwa na kitu.

"Mama, uliigusa alama ya kurekodi?"

"Nimeigusa."

"Hapa pekundu?"

"Mimi si kipofu, mwanangu. Nimegusa, nimeimba, nimemaliza."

Nasi tuliokuwa tumetolewa nje ya mlango, kwa kuwa hakutaka kuimba mbele ya mwanawe, tulikuwa tumemsikia. Aliimba kama mtu ambaye kesho yake hana miadi na kisu cha daktari wa koo. Daktari hakuzunguka mbuyu: sauti ikirudi, haitakuwa hii.

Dada huyu wa baba yangu alikuwa mwanzishaji wa wimbo katika chumba cha pasi cha kiwanda cha kufulia, kule walikonyoosha shuka za mahospitali na mahoteli. Nami nilisukuma magunia humo, mpaka mdomo wangu uliponifukuzisha. Kipaza, ndivyo wanavyoniita hadi leo. Wanawake wale walikuwa na wimbo mmoja tu, na kila dhuluma iliongezewa ubeti wake. Msimamizi tuliyembandika jina la Faini alikuwa na ubeti. Mvuke uliomchoma mama mmoja uso, wakubwa wakasema kajichoma mwenyewe, ulikuwa na ubeti. Sina shule ya kujivunia. Shule yangu ni wimbo huo. Wenye kiwanda walibadilisha jina, wakapaka kuta rangi, wakadhani wamefuta. Kuta zimesahau. Mimi bado.

Ubeti wa mwisho ulikuwa na sheria yake. Mwanzishaji aliweka pasi chini kwa kishindo, akauimba, na chumba kizima kikaacha kazi. Ukiimbwa tena, maana yake tumerudi kazini. Kwa hiyo haukuguswa kwa majaribio, wala harusini, wala bafuni. Wenzake walioujua walikuwa wametangulia mbele ya haki, na mimi niliusikia mara moja tu, walinzi wakiniburuta kwa kola. Beti nyingine zote nilikuwa nimezirekodi. Ulibaki huo, na koo moja.

Asubuhi ile mimi na binamu, tuliyemwita Injinia, tulikuwa tumegombana. Alikuwa ameipandisha juu ya kabati mashine yangu ya kanda, yenye vitufe vinene na vifundo vya kuzungusha.

"Vitufe vya nini zama hizi, Kipaza? Studio nzima imo humu kiganjani."

"Kitufe ukikibonyeza kinakujibu. Hicho kioo chako kinakutazama tu, kama bosi."

Alicheka sana. Sasa hakuna aliyecheka. Shangazi aliweka kidole tena juu ya ile alama nyekundu, mbele ya macho yetu. Kimya. Akakifuta kwenye gauni, akajaribu kingine. Kimya. Vidole vyake vilikuwa laini na vikavu kama mgongo wa kijiko. Magadi na pasi za moto vilikuwa vimekula mistari yote na kuvikausha, hata kioo hakikuvitambua.

"Hata kwenye vitambulisho walinikataa hivihivi," akasema. "Kijana mmoja akaniuliza kama nina vidole vingine nyumbani."

Injinia alikuwa ameanza kutoka jasho. "Basi nitagusa mimi. Imba tena mara moja tu, Mama."

"Nimeshaimba, nimeacha. Nikiimba tena nimerudi kazini. Unataka nipande kitanda cha upasuaji nikiwa nimemrudia Faini?"

"Mama, Faini alishakufa."

"Amekufa. Hajashindwa."

Nje, jirani aliyejitolea kumpeleka hospitali alipiga honi. Shangazi akalishika koo lake, akaonekana kulipima kama mtu anayetikisa chupa asikie kilichobaki.

"Basi itabidi niimbe mara mbili," akasema polepole. "Ya kwanza turudi, inayofuata tuache tena. Kama itafika."

"Sawa, Mama, mimi nitakugusia hapo pekundu..."

"Pasi haiwekwi chini kwa niaba ya mtu. Kipaza, teremsha ile mashine yako."

Nikapanda kiti. Kanda ilikuwa moja, ile iliyokuwa ndani. Nikasita nayo mkononi.

"Ina nini?"

"Hotuba yangu, Shangazi. Ya mgomo ule. Sina nakala."

"Ile ndefu?"

"Ile."

"Hiyo tulikuwepo."

Nikairudisha mwanzo. Yeye akaweka vidole gumba vyote viwili juu ya vitufe viwili vya kurekodi, akabonyeza kwa uzito wa mabega. *Taku.* Magurudumu yakaanza kuzunguka. Uso wake ukabadilika. Ulikuwa uso niliouona mara moja, siku ile ya kola. Akatuonyesha mlango kwa kidevu.

Mara ya kurudi kazini ilitoka safi, imenyooka, haina hata kikwaruzo. Kisha kimya. Honi ikalia, Injinia akachungulia dirishani, akampungia jirani mikono yote miwili anyamaze. Tukasikia kitu kizito kikigongwa mezani, na ule ubeti ukaanza upya.

Ulitoka kama komeo lenye kutu. Katikati ukakatika. Tukasikia pumzi tu, pumzi ya mtu aliyebeba gunia ngazini. Injinia akashika kitasa. Nikamkamata mkono, naye akaniangalia kama atanipiga. Hatimaye sauti ikarudi, nyembamba, inakwaruza, ikatambaa neno kwa neno mpaka mwisho. *Taku.*

Daktari alikuwa mkweli. Siku hizi shangazi hunong'ona, na akichoka hutuamrisha kwa kijiko: akigonga mara mbili, endelea, mara moja, acha.

Wiki iliyopita wanawake wa kiwanda kimoja cha kushona, waliokuwa wakijiandaa kugoma, walituomba ule ubeti. Injinia akauhamishia kwenye kioo chake, na safari hii milima ilikuwepo.

"Hii ya kwanza ndiyo nzuri," akasema. "Ya pili ina shimo katikati."

"Ya kwanza ni ya kurudi kazini."

Akachagua yenye shimo, wala hakuliziba. "Lakini huu mlio wa mwisho, wa kitufe, niukate? Unachafua."

Nyuma yetu kijiko kiligonga meza, mara moja, na Injinia akaondoa mkono kwenye kioo.