Nyumba Inayopanda Saa ya Kahawa

Saa tisa alasiri Ragnhild aliweka maandazi ya mdalasini kwenye meza ya roshani, akamfunika mumewe Torsten magoti kwa blanketi. Kisha nyumba ikapanda. Ilipanda na ghorofa zake zote tatu, na mabomba yake, na paka wa jirani, taratibu, bila kumwaga kahawa.

Safari hizo zilianza mwezi Machi, kampuni moja ilipomaliza jengo lake la kioo ukingoni mwa mto, mbele ya nyumba. Jua la Umeå, mji wa kaskazini mwa Uswidi, hutoroka msimu wote wa baridi. Likirudi, watu huegemea kuta na kulielekezea nyuso. Mwaka huo lilirudi likaishia kwenye kioo. Torsten, aliyekokota magogo mtoni ujana wake wote na sasa miguu imemgomea, hakutaka kingine duniani ila kuona barafu ya mto ikipasuka. Wapangaji walilalamika, lakini kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Basi nyumba ikajichukulia hatua.

Ugomvi ulikuwa mmoja tu. Chumba cha kufulia, ambacho wapangaji wote hukitumia kwa zamu, kiko uani, na mwenye zamu ya saa tisa hubaki chini.

"Sixten, tubadilishane zamu," Ragnhild alimwambia jirani.

"Zamu ya kufua? Mama, afadhali uniombe figo."

Siku moja afisa wa kampuni, Annelie, alikuja kusikiliza malalamiko. Alivua viatu mlangoni kama mtu mwenye adabu, akapanda na nyumba. Aliuona mji wote: paa za hospitali, baiskeli darajani, mto ungali mweupe kwa barafu.

"Mnaona mbali," alisema.

"Huku juu tu," Torsten alimjibu. "Chini tunaona ofisi yako. Ule mmea wako wa dirishani unataka maji."

"Kivuli kipo kweli," Annelie alikiri, akichukua andazi la pili. "Ila tumeshapata kibali cha kuongeza ghorofa mbili."

Hakuna aliyembishia, kwa kuwa alikuwa mgeni, na kahawa ilikuwa bado ya moto.

Kufikia mwaka uliofuata ghorofa zilikuwa zimekamilika. Nyumba sasa hupanda juu zaidi, na kwa kuwa safari imerefuka, Ragnhild huoka maandazi mengi zaidi. Mwezi Mei barafu ilipasuka. Torsten aliitazama ikienda zake baharini, akalia kwa furaha, wala hakujificha.

Saa kumi nyumba ilitua kivulini, na Ragnhild akawasha taa ya sebuleni, mchana kweupe.