Nukta Moja Nyekundu

Alikung'uta nepi kwenye kamba, nyuzi nyeusi za majani ya miwa yaliyoungua zikamwagikia miguuni. Ndani, mtoto alikohoa. Akazisuuza tena kwa maji ya jana, akamwacha mtoto kwa jirani, akaenda kazini kuandika kwamba moshi wa jana haukuwepo.

Kazi yake ilikuwa kusoma picha za setilaiti. Moto huonekana kama nukta nyekundu, na utandu wa angani wenye nukta huandikwa moshi. Utandu usio na nukta huandikwa vumbi. Moshi hutafutiwa mtu. Vumbi halina mwenyewe.

Leo utandu wa kijivu ulianzia shamba la miwa la kampuni, ukafunika mtaa wake wote. Nukta hakuna.

"Bosi, hili si vumbi. Juzi usiku mvua ilinyesha."

Mkuu wa zamu hakugeuka. "Nukta iko wapi?"

"Haipo."

"Sasa unataka tuichore, dada? Nikuletee rangi?" Akacheka peke yake. "Andika vumbi. Mkataba wako si unaisha mwezi huu? Usijipalie makaa."

Akaandika vumbi. Lakini moyo haukutulia. Baba mdogo, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, alikuwa na siku ya nne mahabusu. Alichoma visiki kwenye kishamba chake bondeni, nukta moja ikatokea, na moshi wote wa msimu ukabandikwa jina lake. Picha ile aliisoma yeye. Alitia sahihi bila kujua ni visiki vya nani.

Mkuu alipotoka kula, yeye alifungua ratiba. Setilaiti haipiti saa ileile kila siku: leo saa saba kasoro robo, kesho saa nane na dakika kumi. Akaanza kukumbuka siku za wiki kwa nepi. Jumanne jirani alizianua saa saba na nusu, majivu yakiwa yameanza. Jumatano zilikauka kabisa, majivu yakaja karibu saa tisa. Akalinganisha na saa za mapito. Kila mara kampuni iliwasha moto setilaiti ikishapita tu. Kesho yake ikirudi, moto umekwisha, umebaki utandu.

Kuna mtu anawaambia.

Alimfikiria dereva wa ofisi, aliyebadilisha viatu majuzi. Alimfikiria mlinzi. Alimfikiria mkuu mwenyewe, anayepokea simu akiwa kwenye ngazi. Akafungua barua pepe zilizotoka, akitazama mlangoni kama mwizi.

Kila Jumatatu, saa mbili asubuhi: *Ratiba ya mapito ya wiki, kwa wadau wetu.* Zahanati. Shule mbili. Zimamoto. Anwani ya tano ilikuwa ya meneja wa shamba la miwa. Chini, kila wiki kwa miezi kumi na moja, jina la mtumaji lilikuwa lake yeye, aliyekuwa akibonyeza tu "tuma" bila kusoma orodha.

Alichapisha kurasa zote, akazikunja ndani ya kanga, akaomba ruhusa kwamba mtoto anaumwa. Hapo hakudanganya.

Mahabusu palinuka mkojo na dawa ya kudekia. Baba mdogo alipomwona alisimama, akishikilia suruali isiyo na mkanda.

"Sogeeni, sogeeni! Ndiye huyu mtoto wangu. Mnaniona mshamba, eeh? Huyu anasoma mbingu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mtoto kifua kimepoa?"

"Bado."

Askari wa zamu alichungulia kitambulisho shingoni mwake, kisha faili mezani.

"Kumbe ndiye wewe msomaji wa picha? Umenipunguzia safari. Kesho unatoa ushahidi upande wetu, mahakamani, saa tatu."

"Afande, kuna karatasi nimekuja nazo. Kampuni inachoma setilaiti ikisha…"

"Dada." Askari aliinua kiganja. "Kampuni haipo kwenye faili hili. Hizo karatasi za ofisi, nani kakuruhusu kuzitoa?"

Alihisi kurasa zikilowa jasho tumboni.

"Kesho utaulizwa swali moja tu. Ile nukta ya bondeni, uliiona au hukuiona?"

Mahabusu wote walikuwa wanamtazama.

"Aliiona, afande!" Baba mdogo alibana uso katikati ya nondo, akitabasamu mpaka pengo likaonekana. "Huyu hapitwi na kitu. Mwambie, mwanangu. Usiogope, mwambie."